Maswali yenu kuhusu upasuaji wa kupunguza uzito

Barua nyingi za mwezi huu, kutoka Kisumu hadi Nakuru, zinauliza jambo moja. Nimejibu zile zinazogusa wengi. Wengi mnauliza siku ya upasuaji itakuwaje. Mimi nawaomba mwulize pia mtatunzwa na nani miaka inayofuata.

Sista, nina kilo 118 na urefu wa mita 1.62. Nimejaribu kila lishe. Ninafaa kufanyiwa? (Mama wa watoto wawili, Kondele)

Gawanya kilo zako kwa urefu, kisha jibu uligawanye tena kwa urefu huohuo. Namba hiyo ndiyo kipimo cha unene, na yako inatoka 45. Mwongozo wa 1991 ulitaka 40, au 35 kwa mwenye maradhi kama sukari au presha. Mwaka 2022 vyama vya kimataifa vya madaktari wa upasuaji huu vilishusha kiwango: 35 hata bila ugonjwa mwingine, na 30 kwa mwenye sukari ya aina ya pili. Kwa hesabu unafaa. Daktari bado atataka kujua kama unavuta sigara, kama unakoroma hadi pumzi kukatika, na kama kula kwako kunatokana na msongo. Mweleze yote. Na hilo la kujaribu kila lishe lisikutie aibu hata kidogo, mama. Unene wa kiwango hiki ni ugonjwa, na unastahili matibabu.

Nimepewa aina mbili nichague. Nina kiungulia kikali. (Mwalimu, Njoro)

Katika aina ya kwanza, kama asilimia 75 hadi 80 ya mfuko wa tumbo hukatwa, ukabaki mwembamba kama ndizi. Kilichokatwa hakirudishwi. Ya pili ni baipasi: kijifuko kidogo kinaunganishwa na utumbo, chakula kikaruka sehemu kubwa ya tumbo. Kwa kiungulia chako ningeegemea baipasi, kwa sababu ile ya kwanza mara nyingi hukizidisha. Omba endoskopi (kamera nyembamba inayopitishwa kooni kutazama tumbo) kabla ya kuamua, na upimwe bakteria wa vidonda vya tumbo. Tena, mwalimu, kama kila goti likiuma unameza ibuprofeni au diklofenaki, sema mapema. Baada ya baipasi dawa hizo huleta vidonda pale palipounganishwa.

Nitakula ugali tena? Siwezi kuishi kwa supu. (Baba wa Ahero)

Utakula, baba, ila ugali utakuwa wa mwisho kwenye sahani. Kabla ya upasuaji, kwa majuma mawili hivi, utapunguziwa wanga ili ini linywee, maana ini lenye mafuta humzibia daktari njia. Baadaye utaanza na maji na supu iliyochujwa, kisha vyakula vilivyopondwa, kisha vilaini. Chakula cha kawaida hurudi kati ya wiki ya 6 na ya 8.

Protini unayohitaji ni gramu 60 hadi 80 kwa siku, na hapo watu wa ziwani mna bahati. Anza na mnofu wa ngege uliochemshwa, miiba imetolewa yote, au omena waliopikwa wakalainika. Fuatisha mrenda au sukuma iliyokatwa ndogo. Ugali uje ukibaki na nafasi: tonge moja, pengine mbili. Tafuna hadi kilainike kabisa, weka kijiko chini, pumzika. Usinywe maji ukila. Subiri nusu saa. Soda na chai ya sukari nyingi, hasa baada ya baipasi, zinaweza kukutoa jasho, kukuharisha na kuupeleka moyo mbio.

Waeleze jamaa mapema pia. Shangazi akiona umeacha sahani imejaa, atadhani umekataa mkono wake.

Nina miaka 29, tumetafuta mtoto bila kufanikiwa. Upasuaji utasaidia? (Nyalenda)

Huenda. Kilo zikishuka, hedhi za wengi hurudi sawa, na mimba inaweza kuingia upesi kuliko mlivyopanga. Subirini miezi 12 hadi 18, mwili utulie. Baada ya baipasi usitegemee vidonge vya kupanga uzazi; ongea na kliniki kuhusu kipandikizi au koili. Mume wako awepo kwenye mazungumzo hayo, dada.

Baba yetu anajidunga insulini. Tumeambiwa atapona sukari. (Kakamega)

Kwa sukari ya aina ya pili, vipimo vinaweza kushuka ndani ya siku chache, na wengine huacha dawa kabisa. Aliyetumia insulini miaka mingi ana nafasi ndogo zaidi, na sukari inaweza kurudi. Mwenye aina ya kwanza hataacha insulini. Ninachohofia ni mzee kurudi nyumbani akijidunga kipimo kilekile huku anakula vijiko vichache: anaweza kuzimia. Asitoke wodini bila dozi mpya iliyoandikwa na mashine ya kujipima.

Nimepata nafasi Nairobi, bei nafuu. Nitarudi Kisumu baada ya siku tatu. Kuna ubaya? (Mfanyabiashara, Kibuye)

Siku tatu ni chache mno kwa safari ndefu hivyo. Kwenye hospitali zenye uzoefu, anayefariki ni karibu mmoja kati ya watu 1,000, lakini mshono unaweza kuvuja ukiwa umeshafika nyumbani, na damu inaweza kuganda miguuni au mapafuni. Moyo ukienda mbio umelala, ukapata homa, maumivu ya tumbo au ya bega, au pumzi ikawa nzito, nenda hospitali usiku huohuo. Ukiweza, kaa kwa ndugu Nairobi hadi daktari akuone tena.

Kabla ya kulipa, tafuta jina la daktari kwenye orodha ya KMPDC, baraza linalosajili madaktari Kenya. Muulize amefanya upasuaji huu mara ngapi, na ni nani Kisumu atakayekupokea. Ukirudishwa thieta, gharama ni ya nani? Kama unategemea SHA, mamlaka ya afya ya jamii, au bima nyingine, pata kibali cha maandishi. Kisha piga hesabu ya vitamini na vipimo vya damu vya maisha yako yote. Kama hizo huwezi kuzimudu, ningekushauri usubiri, kwa sababu ukosefu wa B12 huharibu neva.

Ni kweli nywele hukatika? (Naivasha)

Ndiyo, mara nyingi kati ya mwezi wa 3 na wa 6, na hurudi protini na madini ya chuma vikitosha. Kutapika kila siku ndiko kusikokubalika: rudi hospitali haraka, uwakumbushe kuhusu vitamini B1.