D ya KCSE haijamfungia mwanao mlango

Mama mmoja wa Faza, huku kwetu Lamu, ameniandikia. Mwanawe kapata D ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, hatoki nje kwa haya, na mjomba wake anataka aingie chomboni akavue. Anauliza amfanyeje.

Mama, mimi nilipata D hiyohiyo. Watu walikuja nyumbani kwetu Langoni, mjini Lamu, kama wanaokuja kuhani. Marehemu baba hakusema neno, alinipeleka chuo cha ufundi nikasomee umeme. Huko ndiko nilikoona tulivyotupwa. Darasa zima tulikuwa na ubao mmoja wa kufanyia wayaringi. Waya tulizifunga, tukazifungua, tukazifunga tena, mpaka zikawa vipande visivyofika kwenye swichi. Mwalimu wetu akatoa pesa mfukoni mwake akanunua nyingine. Mita ya kupimia volti tuliichora daftarini tu. Hata hivyo nilifanya mtihani wa NITA, mamlaka ya taifa ya mafunzo ya viwandani, gredi ya tatu, kisha ya pili, kisha ya kwanza. Leo ukiingia nyumba nyingi za wageni kule Mkomani, umeme nimeutia mimi, kwenye kuta za mawe ya matumbawe zisizotaka kazi ya pupa. Najivunia hilo na sifichi.

Lililobaki moyoni ni la bandari mpya ya Lamu, kule Kililana. Gati la kwanza lilipofunguliwa mwaka 2021 tulishasubiri ajira miaka. Mkandarasi mmoja akaniambia mafundi wa Lamu hawana vyeti. Vyangu nilikuwa navyo mkononi, ndani ya bahasha. Hakuifungua. Nikipita Kililana mpaka leo naumia.

Sasa mama, sikia. Kwa D kijana anaingia kozi ya cheti cha ufundi, akimaliza anapanda diploma. Aombe, asikae. Akivua wakati wa likizo si vibaya.

Na sisi wazazi tuache kulalamika kwenye ofisi isiyohusika. Kwa Katiba ya 2010, shule za msingi na sekondari ziko chini ya serikali kuu, lakini chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini ni kazi ya kaunti. Ukienda kumlilia mbunge kuhusu karakana ya kijijini, umepoteza nauli ya boti. Makadirio ya bajeti ya kaunti hufikishwa kwa bunge la kaunti kabla ya mwisho wa Aprili, na kabla ya hapo wananchi huitwa kutoa maoni. Mimi huenda. Nawakuta wanaodai barabara, wanaodai gati, wanaodai injini za boti. Mzazi wa mwanachuo simuoni. Kisha tunashangaa kazi zikichukuliwa na wageni! Nendeni, akina mama hasa, na msiombe "vifaa" kwa jumla, maana neno hilo huandikwa likasahauliwa. Tajeni mita za volti, mashine za kuchomelea, roli za waya, na ada ya mtihani wa NITA kwa kila mwanafunzi anayemaliza, kisha muulize imeandikwa ukurasa gani.