Usikaze bushi gurudumu likining'inia

Gari limerudi. Kontroli amu (mikono ya chini inayoshika magurudumu ya mbele) mpya, bado zinang'aa, na kila tuta ni "ko, ko". Mteja analaumu spea, na wewe mdogo wangu unamuitikia. Hebu tupitie kazi yenyewe.

1. Bolti zipulizie mafuta ya kutu usiku uliotangulia. Stabilaiza linki (vifimbo vinavyoshika ile fimbo ya kuzuia gari kulala upande) fungua za pande zote mbili.

2. Corolla nyingi, boli jointi (kiungo cha mpira wa chuma mwishoni mwa amu) imeshikwa kwenye amu kwa bolti 1 na nati 2. Fungua hizo tatu tu, yenyewe ibaki kwenye nako, kile chuma kinachobeba habu ya gurudumu. Nako ifunge kwa waya isivutike nje, maana draivu shafti (inayozungusha gurudumu) ikichomoka kwa ndani umejiongezea kazi. Na zile Toyota za otomatiki ambazo bolti ya mbele inagota giaboksi: acha grainda! Teremsha kidogo sabufremu, ile fremu ya chini inayofungwa amu.

3. Sasa bushi, ule mpira unaounganisha amu na sabufremu. Mpira wake hauzunguki, jamani. Ndani umegandishwa kwenye bomba dogo, nje kwenye kikombe cha chuma. Ukikaza bolti, bomba hilo linabanwa na sabufremu, halisogei tena. Amu ikipanda na kushuka, kinachojisokota ni mpira. Gari likiwa kwenye stendi, amu imeinama hadi mwisho. Ukikaza hapo kisha ukashusha gari, amu inapanda na mpira unabaki umesokotwa kama nguo inayokamuliwa, hata gari likiwa limeegeshwa tu. Kila shimo linaongeza msokoto, mpaka mpira unachanika.

Kwa hiyo kabla ya kupiga jeki, pima kutoka katikati ya habu hadi ukingo wa fenda, andika. Ukishafunga amu, bolti za bushi ziache zimeshika tu, bila kukazwa. Weka jeki chini ya amu, karibu na boli jointi, inua taratibu hadi kipimo kirudi, huku ukichunga gari lisiachie stendi. Hapo ndipo ukaze, kwa toki renchi (spana inayopima nguvu ya kukaza), kwa kipimo cha gari hilo.

4. Kama boli jointi ilitolewa kwenye nako, tundu la kotapini (kipini kinachozuia nati isilegee) lisipolingana, kaza mbele, usilegeze. Bushi haipakwi grisi. Alaimenti, yaani kunyoosha magurudumu, iwe ya mwisho.

Na hilo lililorudi, liingize shimoni likiwa limesimama kwa magurudumu yake, ulegeze bolti ya bushi ya mbele. Lile bomba dogo la ndani ya bushi likijizungusha lenyewe ghafla, ujue lilikazwa likiwa limesokotwa; spea haikuwa na kosa.