Baraza la vioo limekuwa tanuri: maswali yenu na majibu

*Fundi, nimezungushia baraza vioo vya aluminiamu, linatazama machweo. Kuanzia saa tisa alasiri hapakaliki. Nimetundika mapazia mazito, lakini wapi! (Mwenye nyumba, Mbezi Beach)*

Pole kaka. Kosa hilo nalijua, nililifanya kwangu Tabata. Jua la saa sita liko utosini, paa linalipokea. La alasiri limeshuka, linapita chini ya upenu na kuingia moja kwa moja. Likishaingia linachemsha sakafu, makochi na hayo mapazia yako, na joto la vitu hivyo halitoki kwenye kioo kwa urahisi kama mwanga ulivyoingia. Pazia la ndani ni kumfungia mgeni mlango akiwa ameshakaa kwenye kochi.

Kivuli kiwe nje. Mapazia ya mianzi ya kukunja, neti ya kivuli wanayotumia wenye vitalu vya miche, hata mpesheni uliotambaa kwenye waya. Kiache mbali kidogo na kioo, kama shubiri moja, hewa ipite katikati.

Halafu madirisha. Ya kuslaidi hufunguka nusu tu, usukume utakavyo. Yale ya zamani ya vipande vya kioo, ambayo watu wanayang'oa kwa kuona ni ya kishamba, hufunguka karibu yote. Mimi nimeyarudisha, anayecheka acheke. Toboa pia matundu juu kabisa, chini ya dari, maana hewa ya moto hupanda na ikikosa pa kutokea inakaa hapo juu inakusubiri. Dar tuna bahati moja: kaskazi ya Desemba hadi Machi inatoka kaskazini-mashariki, na kusi inayofuata inatoka kusini-mashariki. Pa kuingizia upepo pawe upande wa mashariki, pa kutokea pawe juu, upande wa pili. Umemaliza mwaka.

*Naona zile feni za kutia maji. Zinafaa? (Mpangaji, Kinondoni)*

Usinunue, dada. Feni ile hupoza kwa kukausha maji, na hewa yetu ya pwani imeshashiba unyevu. Mpelekee nduguyo wa Dodoma, atakushukuru. Hapa utapata joto lilelile pamoja na kuvu kwenye makochi. Feni ya kawaida inatosha, ila kumbuka haipozi chumba, inakausha jasho lako tu. Ukitoka, izime.

*Nikifunga kiyoyozi cha BTU 12,000 (kipimo cha nguvu ya kupoza) humo ndani je? (Baba wa watatu, Kigamboni)*

Utaupoza mtaa. Kikifanya kazi bila kupumzika, na kwenye vioo vyenye jua hakitapumzika, saa nane zinaweza kula uniti nane hivi za umeme wa LUKU. Feni ya dari ya wati 70 kwa muda huohuo haifikishi hata uniti moja. Weka kivuli kwanza, ndipo tuzungumze.

*Masika tukifunga, vioo vinatoka jasho. Tukifungua, mvua na mbu. (Mama, Kimara)*

Fungua upande usiopigwa na mvua, weka wavu, na usianike nguo humo. Wavu wenyewe uoshe mara kwa mara, vumbi likiziba hakuna upepo unaopita.

*Mjukuu wangu Leicester ana chumba cha vioo, wanakiita konsavatori. Nakwenda Januari, naambiwa hakikaliki kwa baridi. Si unasema vioo vinatunza joto? (Bibi, Ilala)*

Shikamoo bibi. Vinalitega jua likiwapo, na Januari kule mchana hudumu saa nane tu. Jua likizama, joto linavuja zaidi kwenye kioo kuliko kwenye ukuta. Kwa kawaida sheria za ujenzi za Uingereza hazikibani chumba hicho kizuie baridi kama nyumba yenyewe, kikiwa chini ya mita za mraba 30, kina hita yake, na kimetengwa na nyumba kwa milango kama ya nje. Mlango huo usiachwe wazi, utapoza nyumba nzima. Mwambie awashe hita ya umeme mapema kabla hamjaingia, na kidirisha cha juu akiache wazi kidogo, la sivyo pumzi zenu zitageuka maji kwenye vioo. Jiko la mkaa asithubutu kuliingiza humo, moshi usioonekana unaua. Wewe bibi chukua sweta mbili, na chai mnywee jikoni.