Usisubiri bechi iive ndipo upime haidroksili

Miaka yangu ya mwanzo kupika rezini ya poliesta nilifuata namba moja tu, ya asidi: miligramu za potasiamu haidroksaidi zinazozima asidi ya gramu moja ya rezini. Ikifika 5, tunapoza. Haidroksili, yaani makundi ya OH kwa kipimo hicho hicho, tulikuja kuipima mwishoni. Siku moja maabara ikaleta 92 badala ya 110, na tani 2 zimeshaiva. Mtu akichanganya rezini hiyo na kigumishi kwa hesabu ya 110, isosaianeti iliyo kwenye kigumishi inabaki bila haidroksili ya kushikana nayo.

Glaikoli, malighafi inayoleta haidroksili, ilikuwa imetoroka pamoja na maji. Joto la juu ya mnara unaopitisha mvuke wa maji kutoka mtamboni lilikaa nyuzi 108, badala ya karibu 100 ya maji matupu, kwa saa kadhaa, nami nikalichukulia poa. Tulipofungua kondensa tukakuta unga mweupe umeganda ukutani: neopentili glaikoli yenyewe. Sasa nikiona 103 napunguza moto hapo hapo.

Tangu siku ile nafuata tofauti: haidroksili toa asidi. Kila kundi la asidi linalofungika huondoka na kundi moja la haidroksili, kwa hiyo namba zote mbili zinashuka pamoja na tofauti yao karibu haibadiliki, mradi kinachotoka ni maji matupu. Bechi yangu ilitakiwa kuwa na tofauti ya 105. Ningepima asidi ikiwa 30, ningekuta haidroksili 117 badala ya 135, na pengo la 18 ningeliona mapema.

Kuliziba ni hesabu ndogo. Neopentili glaikoli ina haidroksili ya 1077. Kilo 2000 mara 18, gawanya kwa 972 (yaani 1077 toa 105), unapata kilo 37. Ukiziweka asidi ingali 30, zinajifunga zenyewe kadiri upishi unavyoendelea. Mimi niliziweka mwishoni, ikabidi turudishe joto la 200 na kusubiri glaikoli ikate minyororo na kuingia ndani yake. Mnato ulishuka kuliko tulivyotaka, na hauongezeki tena kirahisi.

Lakini hesabu hii inasimama juu ya titresheni, yaani kipimo cha maabara cha kudondosha potasiamu haidroksaidi kwa bureti, kwa hiyo ilinde. Chupa na pipeti ziwe kavu kabisa, maana maji hula asetiki anhidridi, kemikali inayoshika haidroksili, kabla rezini haijaifikia, na jibu linatoka chini ya ukweli. Rezini iyeyuke yote kwenye piridini, kiyeyusho chake, kabla ya kuanza kuhesabu muda wa anhidridi kufanya kazi. Sampuli ikila zaidi ya robo hivi ya anhidridi, narudia kwa sampuli ndogo zaidi. Kisha usisahau kujumlisha namba ya asidi kwenye jibu: asidi ya rezini nayo inakula potasiamu haidroksaidi kwenye bureti, hivyo bila kuijumlisha haidroksili itaonekana pungufu. Asidi ikiwa 30, kosa hilo peke yake litakufanya umwage makumi ya kilo za glaikoli zisizohitajika.

Haidroksili ikizidi, naongeza asidi ya daikaboksili (yenye makundi mawili ya asidi) kidogo kidogo, nikiwa na jicho kwenye mnato. Vakyumu, yaani kunyonya hewa na mvuke mtamboni, naiacha iwe ya mwisho.