Waone Kobalti Ikigeuka Kijani: Kwa Walimu wa Kemia Tabora

Mwanafunzi anakariri kwamba kichocheo, yaani kitu kinachoharakisha mmenyuko, "hakibadiliki", na hapo ndipo tunapompoteza. Kichocheo hubadilika, tena sana, ila mwishoni hurudi kilivyokuwa. Kobalti inalionyesha hilo mchana kweupe.

Yeyusha gramu 5 za potasiamu sodiamu tatreti katika mililita 60 za maji. Tumia bika la mililita 250 au zaidi, maana povu litapanda. Kando, yeyusha gramu 0.2 za kobalti kloraidi katika mililita 5 za maji. Ni sumu, kwa hiyo glavu na miwani, na mabaki usiyamwage sinki. Tia mililita 20 za peroksaidi ya haidrojeni ya asilimia 6 kwenye tatreti, pasha hadi nyuzi 70. Viputo vichache tu. Sasa mimina kobalti. Waridi inageuka kijani, bika linafoka gesi, kisha linatulia na waridi inarudi. Ukijani ule ni kompleksi (metali iliyozungukwa na molekuli au ioni nyingine) ya kobalti iliyotoa elektroni moja zaidi. Chota kidogo haraka, umimine kwenye barafu: utabaki kijani, darasa zima wauone.

Jaribio likigoma, shuku peroksaidi kwanza. Chupa iliyokaa kabatini joto la Oktoba hupoteza nguvu. Ijaribu kwa chembe za unga mweusi wa betri kuukuu ya tochi. Isipotoa povu, nunua nyingine. Maji ya kisima chenye chuma nayo huiharibu mapema. Tumia maji yaliyokenekwa yanayouzwa gereji, lakini soma lebo, usije ukapewa tindikali. Kwa nyuzi 50 mtasubiri dakika kadhaa.

Bondi ya oksijeni na oksijeni ndani ya peroksaidi ni dhaifu. Ile ya haidrojeni na haidrojeni inadai kilojuli 436 kwa moli, na bado rodiamu, metali nyingine inayochochea kwa kubadilika na kurudi, huivunja. Katika kompleksi ya Wilkinson, kichocheo cha rodiamu, ligandi moja ya fosfini (molekuli yenye fosforasi iliyoshikamana na metali) hujitoa na nafasi inabaki wazi. Molekuli ya haidrojeni huingia kiubavu, rodiamu huisukumia elektroni kwenye obitali inayolegeza bondi, nayo inakatika. Kila atomi inashikwa peke yake, kisha zote mbili hukabidhiwa alkeni (alkene), yenye bondi pacha ya kaboni na kaboni. Ukichora ubaoni, chora duara badala ya mstari, na mshale wa mwisho urudi kwenye rodiamu yenye nafasi wazi.