Wasomaji Wanauliza: Taa ya Joto kwa Kobe wa Maji

SWALI: Wahariri, salamu. Mwanangu anafuga kobe wa maji, yule mwenye mstari mwekundu nyuma ya jicho. Gamba lake lina urefu wa sentimita 15. Juu ya kijukwaa chake nimebana taa ya klipu yenye balbu ya LED ya wati 15. Inang'aa vizuri sana, lakini kobe akipanda hakai hata dakika tano, anarudi majini. Jirani ameniambia nifunge balbu ya wati 150. Naogopa kuchoma nyumba, na baridi ya huku ndiyo hiyo inakuja. Nifanyeje?
*Mama Salma, Minneapolis*

JIBU: Mama Salma, kobe hana makosa. Pale juu pana mwanga tu, joto hakuna. Joto dogo la balbu ya LED hubaki kwenye kitako chake, halishuki kwenye kijukwaa. Na kobe hapandi kutafuta mwanga peke yake: anataka mwili upate moto ndipo chakula kisagike, na gamba likauke kabisa, juu na chini. Gamba lisilokauka siku nyingi huanza kuoza.

Tafuta balbu ya halojeni ya wati 75, umbo la PAR38 (ile pana mbele, yenye kiakisi ndani), na iwe ile inayomwaga mwanga kwa upana. Ile inayolenga mahali padogo iache, kwa sababu itamuunguza katikati ya mgongo huku miguu bado ya baridi. Ya wati 150 mwachie jirani.

Hata hizo wati 75 ni za kuanzia tu. Kinachoamua ni joto pale mgongo wa kobe unapofika. Wengi hupima kijukwaa kikiwa kitupu, wakasoma nyuzi 34 za Selsiasi, wakaridhika. Kumbe kobe wa ukubwa huo akipanda, mgongo wake uko sentimita sita hivi karibu zaidi na balbu, na huko joto limeshapita kiasi. Kwa hiyo laza tofali kavu juu ya kijukwaa, ning'iniza taa sentimita 40 juu ya tofali, iwashe kwa saa nzima, kisha pima uso wa tofali kwa kipimajoto cha kuelekeza, kile chenye umbo la bastola. Unatafuta nyuzi 32 hadi 35. Ikisoma 28, shusha taa sentimita tano, subiri nusu saa, pima tena. Ikipita 38, pandisha taa mara moja. Acha pia upande mmoja wa kijukwaa usiopigwa na joto moja kwa moja, ili akizidiwa asogee bila kulazimika kurudi majini.

Sasa hofu yako ya moto, ambayo ni ya haki. Holda ya plastiki haifai kabisa kwa kazi hii. Hulainika, hupasuka, na waya za ndani hugusana. Nunua yenye soketi ya kauri na kibakuli cha bati, na usome wati zilizoandikwa kwenye kibandiko chake: zisizidiwe na za balbu. Klipu nayo usiiamini. Springi yake hulegea kwa joto na unyevu, na taa inayoanguka huishia ama majini ama kwenye zulia. Ining'inize kwa mnyororo kutoka kwenye ndoano ya dari au stendi nzito, halafu funga waya wa chuma wa akiba, ili ndoano ikichomoka taa isifike chini. Usiilaze juu ya mfuniko wa plastiki wala kioo.

Waya wa umeme uache ulegee, ushuke chini ya usawa wa tundu la ukutani kabla ya kupanda kuingia humo. Maji yakiteremka juu yake yatadondoka sakafuni, hayatafuata waya hadi kwenye umeme. Tundu lenyewe liwe la aina inayokata umeme ukivuja, lile lenye vitufe viwili kama vya bafuni. Kabla ya kutia mkono majini, chomoa taa, hita na kichungi, vyote vitatu. Na kichungi kisirushe maji kuelekea taa, maana tone la maji baridi kwenye kioo cha moto hupasua balbu.

Jambo moja zaidi: halojeni haitoi ya kutosha mionzi ya UVB, ile mionzi ya jua isiyoonekana kwa macho, na bila hiyo kobe hatengenezi vitamini D3, gamba linalainika. Ongeza tyubu nyembamba ya T5 ya UVB ya asilimia 5 au 6, sentimita 25 hadi 30 kutoka mgongoni, bila kioo katikati. Ibadilishe kila baada ya mwaka hata kama bado inawaka, kwa sababu UVB hupungua kabla ya mwanga. Taa zote mbili ziwe kwenye taima, saa 12 kwa siku.

SWALI: Tangi langu liko dirishani na jua linapiga mchana kutwa. Bado nahitaji taa? Nina balbu niliyotumiwa kutoka Marekani.
*Msomaji, Dubai*

JIBU: Kioo cha dirisha kinazuia karibu UVB yote na kuruhusu joto, yaani umepata hasara pande zote mbili. Kwa jua la huko maji yatapita nyuzi 30 upesi, na kobe hatakuwa na pa kukimbilia. Liondoe tangi dirishani leo. Balbu hiyo usiijaribu: imetengenezwa kwa volti 120 na umeme wako ni 230, itaungua mara tu ukiiwasha, na huenda ikapasuka.

SWALI: Usiku nimuwashie balbu nyekundu ili asipate baridi?
*Kaka Juma, London*

JIBU: Hapana. Kobe anaiona nyekundu vizuri tu, na itamharibia usingizi. Usiku hulala majini, hivyo hita ya maji ikishika nyuzi 24 hadi 26 imetosha. Kama chumba chenyewe kinapoa mno, kuna kipashajoto cha kauri kisichotoa mwanga wowote. Hicho lazima kiwe na soketi ya kauri na thamostati, kidhibiti kinachokizima joto likitosha, na uwaonye watoto: hakuna cha kuonyesha kuwa kinawaka, na ukikigusa unaungua papo hapo.