Maswali na Majibu: Manifoldi Baridi, Kabureta Isiyo na Kosa

Barua nyingi safari hii zinahusu lori za zamani za Chevrolet, zile za silinda sita mstari mmoja.

Chevrolet yangu ya 1951, injini 216 (ujazo wake kwa inchi), inakohoa kila asubuhi na kuzimika nikikanyaga mafuta. Nimebadili kabureta mara mbili. Ninunue ya tatu? (Limuru)

Usinunue. Kila mwenye tatizo hili huishtaki kabureta, inayochanganya petroli na hewa, na karibu hakuna anayetuambia kama manifoldi yake, yaani njia za chuma zinazogawa mchanganyiko huo kwa silinda, inapata joto. Petroli inatoka kwenye kabureta ikiwa matone. Inapogeuka mvuke hunyonya joto, na kabureta inaweza kupoa kwa zaidi ya nyuzi 20 chini ya hewa ya nje. Kwa ukungu wa Limuru mwezi wa Julai, barafu inaweza kujijenga kwenye kipepeo, kile kilango cha ndani ya kabureta kinachofunguka ukikanyaga mafuta, hata nje kukiwa na nyuzi 10. Petroli isiyogeuka mvuke inalowanisha kuta za manifoldi, na kila silinda inapata mgawo wake tofauti.

Ndiyo sababu manifoldi ya hewa ilifungwa juu ya ile ya ekzosi (ya kutolea moshi), na katikati kukawekwa kilango cha joto. Injini ikiwa baridi, kilango kinaelekeza moshi wa moto chini ya kabureta. Kikague hivi: kabla hujawasha, geuza kwa mkono kile kipande kizito kilicho kwenye ncha ya ekseli yake. Kinapaswa kwenda, kisha springi ikirudishe. Washa, kanyaga mafuta ghafla; kitikisike. Injini ikishapata moto, springi inalegea na moshi unashuka moja kwa moja kwenye bomba.

Kisipogeuka, kimeshikwa na kutu na masizi. Tia dawa ya kulegeza kutu injini ikiwa imepoa, iache usiku kucha, kisha gonga ncha za ekseli polepole kwa nyundo ndogo, upande huu na ule, huku ukikigeuza. Kikilegea, tia unga wa grafiti. Usitie oili ya injini: itaungua na kukikwamisha tena. Springi ikiwa imekatika, tafuta nyingine.

Tena, chomoa kijiti cha oili unuse. Ikinuka petroli, imwage leo. Beringi za babiti (madini laini) za 216 hazivumilii oili iliyochanganyika na petroli.

Huku Tanga hakuna baridi. Nikifunge kilango kwa waya? (Tanga)

Kikiwa kimeelekeza moshi bombani, sawa, lori litaenda. Kikikwama upande wa joto ni hatari: petroli itachemka ndani ya kabureta ukizima, injini itakataa kuwaka ikiwa ya moto, na mlimani itakosa nguvu.

Lori langu ni la dizeli. Kilango hicho nakipata wapi? (Morogoro)

Dizeli haina kabureta. Hukihitaji.

Nimefunga ekzosi mbili za mabomba kwenye 235, ile silinda sita kubwa zaidi, badala ya manifoldi ya kiwandani. Sauti ni nzuri, lakini kukiwa na baridi gari halivuti hadi niende kilomita kumi. (Minnesota, Marekani)

Umeondoa jiko lote lililokuwa likipasha manifoldi ya hewa, na wauzaji wa mabomba hayo mara nyingi hawakuambii. Ushauri wangu wa kwanza ni kurudisha chuma cha kiwandani. Ukikataa, ipashe manifoldi ya hewa kwa maji ya moto ya injini.

Vua manifoldi ya hewa na ukague sakafu yake, pale moto ulipokuwa ukipiga kwa miaka yote hiyo. Ipime kwa shinikizo la hewa la psi 15, ukipaka maji ya sabuni. Ikivuja, tupa. Sakafu iliyotoboka ikifungiwa maji itayaingiza ndani ya silinda, na maji hayabanwi: rodi itapinda.

Ikiwa nzima, chora umbo la gasketi ya chini juu ya bati la alumini la milimita 12, litakaloziba chini ya sakafu hiyo na kufungia maji, kisha toboa matundu manne ya bolti na mawili ya nipeli (vibomba vya kuunganishia mipira ya maji). Maji ya moto yachukue kwenye silinda hedi, kabla ya thamostati (vali inayozuia maji kwenda kwenye radieta hadi yapate moto), na uyarudishe upande wa pampu unaovuta. Wengi wanayarudisha juu ya radieta, hivyo maji yanaikwepa thamostati na injini inachelewa kupata moto. Thamostati iwe ya nyuzi 82, na ile mipira ya maji isipande juu kisha kushuka, maana hewa hukwama hapo. Fahamu kwamba maji huchelewa kuliko moshi. Dakika za mwanzo bado utahitaji choki, ya kupunguza hewa ili petroli izidi.

Nimefunga manifoldi upya, sikio la ekzosi (ncha yake ya kufungia bolti) likapasuka. Chuma kibovu? (Nakuru)

Umekosea utaratibu. Manifoldi mbili zinaunganishwa kwanza kwa bolti nne za katikati zikiwa zimelegea, kisha zote mbili zinafungwa kwenye hedi. Kwa 235, bolti za kati za kwenye hedi zikazwe kwa futi-pauni 25 hadi 30, za ncha 15 hadi 20 tu. Zile nne za kuunganisha manifoldi ndizo za kumalizia. Ukianza kuzikaza hizo, unailazimisha ekzosi kunyooka kwenye hedi, na sikio ndilo linalokatika. Kama nyuso haziko sawa, zipeleke kusawazishwa zikiwa zimeunganishwa pamoja, kamwe si moja moja.

Na gasketi za zamani za hapo zina asbesto. Zilowanishe kabla ya kuzikwangua, wala usipulize vumbi lake kwa kompresa.